Kambare na Nyavu za Ziwa Victoria

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Juma lililopita niliwaahidi kwamba leo tutazungumza habari za kambare, na nasikia kuwa katika darasa moja watu walicheka. Walisema historia ni habari za wafalme na vita. Kambare ni kitoweo. Haya, basi na tuanze kwa mfalme.

Yapata miaka 5,000 iliyopita alikuwako mfalme katika nchi ya Misri, jina lake Narmer. Mwaka 1898 wachimbuaji wa vitu vya kale walifukua bamba la jiwe ambalo juu yake mfalme huyo amechongwa akimpiga adui yake, na jina lake limeandikwa. Wamisri wa zamani zile hawakuandika kwa herufi kama hizi mnazojifunza ninyi. Waliandika kwa picha. Jina la Narmer lina picha mbili: chini ni patasi, na juu yake ni samaki mwenye kichwa kipana na masharubu. Samaki huyo ni wa jamii ya kambare. Basi mtu akiwacheka tena, mwambieni kwamba kambare aliingia katika maandishi zamani sana kabla yetu sisi sote.

Misri ni mbali, lakini mto Nile unaopita huko hupata sehemu ya maji yake hapa kwetu, maana ziwa letu la Victoria humwaga maji yake katika mto huo pale Jinja. Na kambare wa Nile ndiye huyu huyu wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe. Wataalamu walichelewa kulitambua jambo hilo. Mwaka 1822 Mwingereza aitwaye Burchell alimpa kambare wa Afrika ya Kusini jina moja la kitaalamu. Baadaye wengine wakampa kambare wa Nile jina la pili, na kambare wa Msumbiji jina la tatu. Ilipofika miaka ya 1980 ndipo mtaalamu wa Kibelgiji, Guy Teugels, alipowapima kwa makini akaonyesha kwamba wote ni aina moja. Wavuvi wetu nao wana majina yao. Waluo humwita mumi, Waganda humwita male, na katika vitabu vya Tanzania mara nyingi huandikwa kambare mumi.

Sasa tumtazame samaki mwenyewe, kwa kuwa hamtaelewa historia yake bila kujua maisha yake. Kambare hana magamba. Ngozi yake ni laini yenye utelezi, kichwa chake ni kipana na kigumu, macho yake ni madogo sana, na kuzunguka kinywa ana masharubu manane. Kwa masharubu hayo hupapasa na kuonja, kwa sababu hukaa katika maji ya matope na kutafuta chakula usiku. Hula wadudu, konokono, samaki wadogo, majani na mizoga. Hachagui. (Wako wenzetu ambao kwa imani yao hawali samaki asiye na magamba. Wao pia wakae wasikilize, somo hili haliliwi.)

Ajabu yake kubwa iko kichwani. Samaki wengi huvuta hewa iliyoyeyuka majini kwa mashavu yao, na maji yakikosa hewa hufa. Kambare anayo mashavu, na juu ya mashavu hayo, ndani ya vyumba viwili vilivyofichika, ana viungo vyekundu vyenye matawi kama mti mdogo. Kwa viungo hivyo huvuta hewa hii hii tunayovuta mimi nanyi. Ndiyo maana mnamwona akipanda, akigusa uso wa maji, kisha akizama tena. Ndiyo maana pia huweza kuishi katika dimbwi la kiangazi ambamo samaki wengine wamekwisha kufa, na akivuliwa huendelea kuwa hai kapuni kwa muda mrefu ikiwa ngozi yake haikukauka. Usiku wa mvua huweza hata kutoka dimbwi moja kwenda jingine kwa kujinyonganyonga majanini, akijisukuma kwa miiba ya mapezi ya kifuani.

Miiba hiyo naijua. Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, tuliwafuata kambare katika majaruba ya mpunga yaliyofurika, nikamshika mmoja kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kuku. Kidole gumba kilivimba siku tatu. Bibi yangu alinikanda kwa maji ya moto, akaniuliza kama nilimtazama tumbo kabla ya kumshika. Sikumtazama. Alikuwa amejaa mayai, na bibi hakufurahi, ingawa tulimla.

Kwa nini alikuwa jarubani, wala si ziwani? Hapa ndipo penye jambo kubwa la leo. Mvua kubwa zinapoanza, na mito inapofurika na kuleta maji mapya yenye rangi ya udongo, kambare waliokomaa huacha ziwa. Huingia midomo ya mito, hupanda kuelekea juu, kisha hujitawanya katika majani yaliyofunikwa na maji, mahali ambapo mwezi uliopita ng'ombe walikuwa wakilisha. Huko hutaga usiku, katika maji ambayo pengine hayafiki hata magotini. Jike moja kubwa huweza kutaga makumi ya maelfu ya mayai. Mayai hunata katika majani, na kwa joto la nchi yetu huanguliwa kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo. Wazazi hawalindi chochote. Hutaga wakaondoka, nao watoto hujilisha kwa vijidudu vya maji yale, wakikimbizana na wakati kabla maji hayajakauka.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya: ziwa, mdomo wa mto, kinamasi, mafuriko. Wanafunzi wayanakili, kwa maana tutayahitaji.

Wenyeji wa kandokando ya ziwa waliijua safari hiyo zamani. Katika mito ya upande wa Kenya, kama Nzoia, Nyando na Sondu, Waluo walijenga uzio wa miti na matete kukata mto, wakaacha nafasi za kutegea migono ya kusukwa. Uzio huo waliuita kek. Hapo walinasa kambare, ningu na samaki wengine waliopanda au kushuka na mafuriko. Uzio kama huo haukuwa wa kila mpita njia; ulikuwa na wenyewe, na mgeni hakutega bila ruhusa. Sisemi kwamba wazee hao walikuwa malaika. Walivua samaki wenye mayai, tena wengi. Lakini chombo chao kilikuwa na kikomo, kwani mafuriko yalipozidi maji yalipita juu ya uzio au yaliubomoa, na samaki wakapita zao.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Kwa mara ya kwanza samaki wa ziwa waliweza kuuzwa katika miji ya mbali, na mahali penye soko watu hutafuta chombo kikubwa zaidi. Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa nyuzi za kitani kutoka Ulaya zililetwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Ghuba ya Winam. Wavu huo husimama majini kama ukuta, na samaki hujinasa mwenyewe kichwani. Aliyetafutwa hasa alikuwa ngege, samaki mwenye magamba, ndugu wa sato, mtamu sana. Hapo mwanzo nyavu zilijaa. Baada ya miaka 20 mvuvi alihitaji nyavu nyingi zaidi kupata samaki wale wale, na wengine walianza kupunguza macho ya nyavu ili wanase hata wadogo.

Serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliingiwa na wasiwasi, wakamwita mtaalamu kutoka Uingereza, Bwana Michael Graham. Alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, na taarifa yake ilichapwa mwaka 1929. Alishauri kwamba jicho la wavu lisipungue inchi 5, yaani karibu sentimeta 13, ili ngege wachanga wapite. Katika miaka ya 1930 ushauri huo ukawa sheria. Nani atakataa kwamba ulikuwa ushauri mwema? Lakini angalieni: inchi zile 5 zilipimwa kwa mwili wa ngege. Ngege huzaa ziwani, na mama hulinda mayai na watoto kinywani mwake. Kambare na ningu, wanaozaa kule juu penye mafuriko, hawalindwi na kipimo cha wavu peke yake. Wao huhitaji njia iwe wazi kwa majuma machache ya mwaka, na huko waendako pawe na kinamasi cha kuwapokea.

Mwaka 1947 iliundwa idara moja ya kusimamia uvuvi wa ziwa zima, na mwaka huo huo kituo cha utafiti wa samaki kikaanzishwa Jinja. Hata hivyo sheria ilikuwa ngumu kusimamia katika ziwa lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800. Tanganyika na Uganda zilikiondoa kipimo cha inchi 5 mwaka 1956, na Kenya ikafuata mwaka 1961. Wakati ule ule nyavu za nailoni zilikuwa zimekwisha kuingia. Nailoni haiozi upesi kama kitani, ni nyembamba, na samaki haioni vema majini.

Wa kwanza kuumia alikuwa ningu. Wavuvi walitambua kwamba hakuna haja ya kuwatafuta ningu ziwa zima. Ukingoje tu mvua, ukanyoosha nyavu za macho madogo katika mdomo wa mto, wote watakujia na matumbo yao yamejaa mayai. Kwa miaka michache mavuno yalikuwa makubwa ajabu. Kisha, kati ya miaka ya 1950 na 1960, uvuvi wa ningu ukaanguka, na mpaka leo haukurudi kama ulivyokuwa. Wala usidhani wavuvi hao walikuwa wajinga. Kila mmoja alijua kwamba asipotega yeye, jirani atatega.

Kambare alipita katika midomo ile ile ya mito na nyavu zile zile. Hakwisha. Mmekwisha kusikia sababu: hula kila kitu, hukua upesi, huvuta hewa juu ya maji, na hahitaji mto mkubwa peke yake, maana ukingo wowote wa ziwa uliofurika humtosha. Tena alipata msaada ambao hakuna serikali iliyoupanga. Mwishoni mwa mwaka 1961, wakati Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake, mvua zilinyesha kupita kiasi katika Afrika ya Mashariki. Ziwa likapanda, na kufikia mwaka 1964 maji yalikuwa yamepanda kwa kiasi cha mita mbili na nusu. Mashamba, nyumba na magati vilifunikwa. Kwa wenye mashamba yalikuwa maafa. Kwa samaki anayetaga katika majani yaliyofunikwa na maji, ulikuwa ni uwanja mpya.

Halafu akaja sangara. Huyu si mwenyeji wa Ziwa Victoria; aliletwa kutoka maziwa mengine ya Uganda na Kenya, na kutiwa ziwani kati ya mwaka 1954 na miaka ya mwanzo ya 1960. Kwa muda alionekana mmoja mmoja. Katika miaka ya 1980 alijaa ziwa zima. Najua kwamba wengi wenu mmesomesha watoto kwa fedha ya sangara, nami sitamtukana hapa. Lakini historia lazima iseme yote. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, walimezwa, na aina nyingi hazikuonekana tena.

Katika msiba huo ndugu za kambare hawakupata bahati moja. Yuko hongwe, ambaye Waluo humwita seu. Naye hana magamba, ana masharubu, na nyama yake wengi huipenda kuliko ya kambare. Hongwe hukaa ziwani penye miamba na maji makubwa, na chakula chake kikubwa kilikuwa furu. Hana kiungo cha kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hawezi kukimbilia kinamasini. Sangara alipojaa, hongwe alipungua sana. Yuko na kambare mwingine mdogo wa maji ya kina, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1928. Huyo hana hata jina linalojulikana sana kwa wavuvi, na leo anahesabiwa miongoni mwa samaki walio karibu kutoweka kabisa, kama hajatoweka tayari.

Na kambare wetu? Yeye alikuwa na mahali pa kwenda. Ndani ya mafunjo na matete maji ni meusi na hewa ni chache, na sangara, pamoja na nguvu zake zote, hawezi kukaa mahali penye hewa chache. Humo kambare hukaa raha mustarehe, akipanda kuvuta pumzi na kushuka. Baadhi ya furu nao walipona kwa kujificha kandokando humo, na katika Ziwa Kanyaboli, lililomo ndani ya kinamasi cha Yala huko Kenya, ngege alibaki baada ya kukosekana karibu kila mahali katika ziwa kubwa.

Hivyo tunaweza kuona kosa la muda mrefu. Tangu wakati wa Bwana Graham watu wanabishana juu ya nyavu, inchi na makokoro, nayo ni mabishano ya haki. Kinamasi kilihesabiwa kuwa nchi ya mbu, isiyo na faida mpaka ikaushwe. Sehemu ya kinamasi cha Yala ilianza kukaushwa kwa kilimo katika miaka ya 1960. Mahali pengi pengine hakukuwa na mradi wala mhandisi. Sisi wenyewe tulisogeza shamba hatua chache kila kiangazi, tukachoma mafunjo, tukapanda mpunga na mboga. Nimeyaona hayo karibu na kwetu. Lile jaruba nililochomewa kidole lilikuwa kinamasi wakati wa ujana wa bibi yangu.

Siku hizi kambare anatafutwa kwa sababu mpya. Wavuvi wa sangara wanaotumia ndoano humtaka kambare mchanga awe chambo, kwa kuwa hukaa hai kwenye ndoano muda mrefu akichezacheza. Watoto wa kambare huchotwa vinamasini kwa ajili hiyo, na wako pia wafugaji wanaowazalisha mabwawani na kuwauza. Kuwazalisha si rahisi. Kambare akiwekwa bwawani hunenepa, mayai yakamjaa, lakini kwa kawaida hatagi, maana hajaona mafuriko. Mfugaji humchoma jike sindano ya dawa, au maji ya tezi ndogo iliyotolewa katika kichwa cha kambare mwingine, kisha saa kadhaa baadaye humkamua mayai. Dume hukamuliwa kwa shida, kwa hiyo mara nyingi hupasuliwa ili mbegu ipatikane. Kazi hiyo yote, na dawa na elimu na gharama zake, ni badala ya mvua ya usiku mmoja juu ya majani.

Muda wetu unakwisha. Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja amwendee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, amwulize mambo matatu: ni mto gani au mbuga gani ambapo kambare walikuwa wakipanda wakati wa mvua, ni mwezi gani walipanda, na mahali hapo leo pana nini. Majibu yaandikwe kwa mkono wenu wenyewe, hata yakiwa mistari mitatu tu. Msiogope makosa ya herufi. Mwalimu atayakusanya, na katika somo lijalo nitasoma baadhi yake hapa redioni, pamoja na jina la mto na la kijiji. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, mpaka juma lijalo.